Alama ya # ilivyoniamsha usiku

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, na sababu ni alama moja ndogo sana: #.

Mimi ndiye ninayetunza kurasa za maelezo ya programu yetu ya malipo. Ukurasa mmoja ni mrefu kama treni ya mizigo, kwa hivyo wateja huwatumia kiungo kinachoruka moja kwa moja hadi sehemu wanayohitaji, kwa mfano #kurudisha-pesa. Mwezi uliopita nikaona kichwa hicho hakipendezi, nikakibadilisha kuwa "Marejesho". Kumbe programu inayotengeneza kurasa huunda id kutokana na maneno ya kichwa! Id ya zamani ikafa pale pale.

Siku chache baadaye, saa nne usiku, mteja akanipigia simu. Alikuwa amebofya kiungo cha zamani kwenye barua pepe yetu, akaangukia juu kabisa ya ukurasa, akanakili mfano wa kwanza aliouona. Ulikuwa wa kutoza. Wanunuzi wake watatu, badala ya kurudishiwa pesa, wakatozwa mara ya pili.

Shida ni kwamba kile kinachofuata # hakitumwi kwa seva hata kidogo. Kivinjari hukishughulikia peke yake, na kisipoiona id hiyo hakilalamiki. Hakuna 404, wala kwenye logi hutaona chochote. Unaweza kuvunja viungo mia na ulale usingizi mzuri.

Sasa kila kichwa nakiandikia id kwa mkono, na ile ya zamani naiacha ndani ya span tupu kando yake. Kabla ya kupandisha kurasa naendesha kikagua viungo cha W3C, maanake hicho huangalia hata nanga za ndani ya ukurasa.

Nikiwa huko nikagundua pia menyu yetu iliyogandishwa juu ilikuwa inafunika kichwa unachorukia. Dawa ni mstari mmoja wa CSS, scroll-margin-top: 5rem. Ile alama ya ¶ ya maelezo ya Python nayo nimeiiga, ila yetu haingoji kipanya kipite juu ya kichwa. Wateja wengi wako kwa simu, kipanya watatoa wapi?

Wale wanunuzi walipata pesa zao kesho yake. Barua pepe za mwaka jana bado sijazipitia. Ukikutana na kiungo chetu kinachokuacha juu ya ukurasa, tafadhali niandikie.