ALIENDA KUKATA MKONGE HAKURUDI: Orodha ya wapiga kura ilivyomtoa bintiye, na kuzua la shamba Nyololo

Mtu akisikia "orodha ya wapiga kura" anawaza siasa tu. Nani kajiandikisha, nani hajaona jina lake, nani anagombea. Lakini kuna ukoo mmoja wa Nyololo, wilaya ya Mufindi, unaoikumbuka Oktoba 2024 kwa sababu nyingine kabisa. Karatasi zile za ukutani ziliwaonyesha ndugu ambaye hawakujua kama yupo duniani. Zikafukua na jambo lingine ambalo wazee walidhani limeshaoza. Majina hayatatajwa, maana wahusika wote wapo na wanasoma.

Kwa wasiopajua, Nyololo ipo kwenye barabara kuu ya TANZAM, kati ya Mafinga na Makambako, pale njia inapochepuka kwenda Igowole, Kibao mpaka Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Baridi yake si ya mchezo. Zamani kwenye vijiji vya huku, kijana akitaka hela ya kodi na ya mahari alikuwa na njia moja kubwa: kwenda manamba, yaani kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wenye mashamba walianzisha hadi shirika lao la kuchukua vibarua, SILABU, mwaka 1944. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini walibebwa kwa maelfu. Wengi walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi.

Kaka yake bibi mmoja wa ukoo huu alikuwa kati ya wasiorudi. Aliondoka miaka ya hamsini mwanzoni, bibi akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Ikaja barua moja kutoka Korogwe, kisha kimya. Nyumbani wakasema kalowea, kasahau kwao, na kila mtoto aliyezaliwa baadaye aliambiwa hivyo hivyo: huyo babu alitutupa.

Bibi sasa ana miaka 84. Shida yake ilikuwa moja. Wakienda makaburini kutambika, wanataja majina ya waliotangulia. La kaka yake halitajwi kwa sababu hakuna anayejua kama amekufa. "Siwezi kumwita mtu ambaye labda yupo hai," alimwambia mjukuu wake wa kike, mdada mwenye saluni Mafinga. "Na nikifa mimi, hakuna tena wa kumkumbuka sura."

Mjukuu akaingia kazini. Mwanzoni alikosea mlango, kama wengi wanavyokosea: alimtafuta babu mwenyewe. Akauliza kama hakuna daftari la zamani la wapiga kura la huko Tanga. Mwalimu mmoja mstaafu akamweleza kuwa hata likipatikana, babu hawezi kuwemo. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, ule wa 1958 na 1959 ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, haukuwa wa kila mtu. Ilibidi uwe umefika darasa la nane, au una kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au una cheo kinachotambulika. Mkata mkonge apate wapi pauni 150? Na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura tunalolijua leo lilianza kutumika kwenye uchaguzi wa 2005. Kati ya hapo babu, kama alikufa mapema, anapotea.

Mwalimu akamalizia kwa maneno yaliyobadilisha kila kitu: "Usimtafute aliyekufa. Mtafute aliye hai. Kama alizaa, wanawe wanapiga kura."

Hapo kuna jambo la kuelewa. Nchi hii ina orodha mbili na watu wengi wanazichanganya. Kuna Daftari la Kudumu la Tume ya Uchaguzi, la kumchagua Rais, wabunge na madiwani. Hilo ndilo lenye kadi na alama za vidole, na uandikishaji wake wa mashine za BVR ulianzia jirani tu hapo Makambako, Februari 2015. Halafu kuna orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa, chini ya TAMISEMI. Hiyo inaandikwa kwa mkono kitongoji kwa kitongoji, mtaa kwa mtaa, na haihitaji kadi. Mwaka 2024 watu waliandikishwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, orodha zikabandikwa ili wakazi wakague, na kura zikapigwa 27 Novemba.

Kwa anayetafuta ndugu, hiyo ya pili ni dhahabu. Kitongoji ni kidogo, wanajuana wote. Jina likionekana pale, mwenye jina hakai mbali na ukuta.

Mdada ana binamu yake dereva, anabeba mbao kutoka Mafinga kwenda Tanga. Akamwomba kitu kimoja: akipita Korogwe asimame kwenye vitongoji vinavyozunguka mashamba ya mkonge, upande wa Ngombezi, Magunga na Hale, asome kuta. Binamu alicheka sana. Lakini alisimama.

Sasa angalia akili ya huyu mdada. Jina la ukoo wao ukilitafuta Nyololo utalikuta kila ukuta, halikusaidii kitu. Ila Korogwe, katikati ya Wasambaa, Wazigua na Wabondei, jina la Nyanda za Juu linaonekana kama sweta ufukweni. Na Watanzania wengi tunaandika majina matatu: lako, la baba, la babu au la ukoo. Yaani kila mstari wa orodha ile ni ukoo mdogo unaosomeka kutoka kushoto kwenda kulia.

Kitongoji cha nne, binamu akakuta mstari mmoja. Mwanamke, miaka 61. Jina la kwanza la Kiislamu. La pili, la baba, nalo la Kiislamu. La tatu ni la ukoo wa Nyololo, ila herufi L imegeuka R, si unajua makarani wanavyoandika wanavyosikia. Babu aliondoka na jina la ubatizo. Je, alisilimu? Au ni mtu mwingine kabisa?

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Binamu alipiga picha ukurasa mzima, akaurusha kwenye group la WhatsApp la ukoo. Wenye majina mengine kwenye ukurasa ule hawakuombwa. Ndani ya saa mbili mjomba mmoja wa Dar alishapata namba ya yule mama kupitia mtu wa huko huko, akampigia: "Sisi ni ndugu zako wa Iringa, tumekutafuta muda mrefu!" Nchi hii ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", nani ataamini? Mama akakata simu. Akampiga bloku.

Mdada alilia, halafu akakasirika. Karatasi ile ilibandikwa ili wananchi wakague na waweke pingamizi, siyo ili mtu avamiwe kwenye simu yake. Na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuonekana ukutani hakumfanyi mtu kuwa mali ya kila mwenye simu. Akaomba picha ifutwe. Kisha akafanya walichofanya wazee kabla ya simu: akaandika barua.

Barua fupi, kwa mkono. Ndani yake picha ya bibi amekaa kwenye kigoda, jina la babu kabla hajasafiri, na namba ya mdada mwenyewe. Mwisho akaandika: "Kama si wewe, tusamehe kwa usumbufu. Kama ni wewe na hutaki, hatutakusumbua tena. Bibi anataka kujua tu kaka yake amelala wapi." Binamu akampelekea mwenyekiti wa kitongoji bahasha ikiwa imefungwa, akaomba mama apewe na asilazimishwe kujibu.

Wiki saba, kimya. Bibi anauliza kila Jumapili.

Halafu siku moja usiku ikaingia picha kwenye simu ya mdada, bila salamu wala neno. Kipande. Ile kadi ya kazi ya enzi ya Mwingereza, iliyokuwa inatiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie 30. Imechakaa, ilikuwa inatunzwa kwenye kopo. Jina lililoandikwa pale ni la ubatizo, pamoja na la ukoo, na herufi L ipo mahali pake.

Yaani orodha ya kura ilionyesha mlango tu. Kipande ndicho kilichothibitisha.

Asubuhi wakapigiana. Mama wa Korogwe alianza: "Shikamoo shangazi." Bibi akajibu "Marahaba mwanangu", akaongeza "Kamwene", na mama hakujua aitikie nini. Babu alifariki 1989, amezikwa kijijini karibu na shamba la mkonge. Kisha mama akasema jambo lililofanya chumba kizima kinyamaze: "Baba alituma barua kwenu, zaidi ya mara tatu. Hamkujibu. Akatuambia kwao hawamtaki, tusije tukaenda."

Huku miaka sitini wanasema alitutupa. Kule miaka sitini wanasema alitupwa.

Barua zilikwenda wapi? Enzi hizo barua za kijiji zilipitia kwa mtu mmoja mwenye kusoma. Katika ukoo ule alikuwa kaka mkubwa, marehemu sasa. Na kaka mkubwa ndiye aliyebaki akilima sehemu ya shamba ya yule aliyeenda manamba. Leo sehemu hiyo ina miti ya mbao, na bei ya miti Mufindi siku hizi kila mtu anaijua. Hakuna aliyesema neno kwa sauti, lakini wote walifika hapo hapo kwa akili.

Mama alikuja Nyololo Juni 2025, na kandambili na kanga mbili, baridi ikamkaribisha vizuri. Bibi akampa sweta lake mwenyewe. Wakaenda makaburini, na jina la babu likatajwa kwa mara ya kwanza, yote mawili, la ubatizo na la Kiislamu. Mama hakuulizia shamba hata kidogo. Bibi ndiye aliyeuliza, mbele ya kikao cha ukoo: sehemu ya kaka yake iandikwe kwenye muhtasari kuwa ni ya watoto wake, hata kama hawatakuja kuilima.

Baba mkubwa mmoja, mtoto wa yule kaka mkubwa, amegoma kusaini. Anasema yeye ndiye aliyepanda ile miti na kupalilia, na kosa la baba yake, kama lipo, si lake. Anaongeza kuwa mdada ameleta mgogoro kutoka Tanga. Mdada anajibu kwamba mgogoro ulikuwepo hapa hapa Nyololo siku zote, ila upande mmoja haukuwa na namba ya simu.

Anayetaka kumtafuta ndugu wa aina hii ajue orodha inaongeza watu haraka kuliko inavyowatoa; marehemu anaweza kubaki kwenye Daftari la Kudumu mpaka ndugu zake watoe taarifa. Kwa hiyo jina si uthibitisho wa uhai, wala si uthibitisho wa undugu. Soma majina yote matatu, vumilia L na R, anzia pale ambapo jina lenu ni geni. Ukishampata, pitia kwa mtu anayemfahamu, mwachie yeye namba yako badala ya kuchukua yake. Na kabla ya yote kaeni kikao nyumbani, mjiulize mko tayari kusikia nini. Aliyepotea huwa na upande wake wa habari, na watoto wake nao wana haki zao.

Muhtasari ule bado upo mezani kwa bibi, umebaki mstari mmoja wazi. Wewe ungekuwa huyo baba mkubwa, na miti umeipanda kwa mikono yako, ungesaini?