Shuka kiunoni, macho ya watu mgongoni

JE, msomaji, wewe mwanamume uliyezoea suruali tangu shule ya chekechea, unaweza kuthubutu kuvuka Moi Avenue jijini Nairobi, mchana kweupe, ukiwa umejifunga shuka kiunoni? Usiharakishe kujibu. Hata mimi kabla ya kuzuru Garissa ningekula kiapo kwamba jambo hilo haliwezekani, labda nyumba ishike moto nami nikiwa bafuni.

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni mwendo wa kilomita zipatazo 370. Basi hupita Thika, Matuu na Mwingi, kisha milima hubaki nyuma na nchi ikawa tambarare, vichaka vya miiba kushoto na kulia. Ukifika Madogo, joto limekwisha kukulaki. Mbele yako ni daraja la Mto Tana, na ng'ambo ya daraja ndipo ulipo mji wenyewe.

Nilishuka nikiwa nimevaa suruali nzito ya jinzi, kama mtu aendaye Limuru. Mwenyeji wangu, mwalimu tuliyejuana tangu ujana, alinipokea stendi akiwa amevaa shati safi na shuka la mistari ya samawati lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Alinitazama jinsi nilivyotota jasho, akacheka.

"Karibu, ndugu yangu. Hiyo suruali itakuua kabla ya jioni. Umetoka Kenya lini?"

Nilidhani ametania. Baadaye niligundua kuwa wengi huku husema hivyo. Mtu akisafiri kwenda Nairobi, husemwa amekwenda Kenya.

Sketi? La hasha!

Vazi lenyewe Wasomali huliandika "macawiis", nasi wa masikio mazito tunaweza kulitamka maawis. Ni kitambaa kilichoshonwa ncha kwa ncha kikawa kama gunia lisilo na kitako. Unaingia ndani, unakikunja mbele, kisha unakiviringisha kiunoni mpaka kishike. Hakina kamba, hakina kifungo. Ni jamaa wa kikoi cha Lamu na msuli wa Unguja, na ukivuka bahari utawakuta ndugu zake Yemen, Oman, India na Indonesia. Mtu wa bara ataliita sketi. Mtu wa Garissa atakuonea huruma.

Mwalimu alinipeleka Soko Mugdi, yaani soko la giza, ambako vibanda vimesongamana mpaka jua halipati pa kupenya. Nikachagua langu, la kahawia lenye miraba. Nikalivaa papo hapo. Lakini kwa kuwa moyo haukuliamini lile fundo, nikafunga mshipi juu yake.

Ndipo vicheko vilipoanza. Watoto walinifuata wakinionyeshana kwa vidole. Nikasema moyoni, haya ndiyo niliyoyaogopa. Kumbe sivyo! Mzee mmoja mwenye ndevu zilizotiwa hina aliniita kwa ncha ya bakora.

"Mwanangu, vazi hili halifungwi kwa mshipi. Huaminiani nalo?"

Akanivua mshipi, akanikunjia shuka mbele ya kadamnasi kama anayemvisha mjukuu siku ya Idi, akanipiga bega. Vicheko vikakoma. Hawakuwa wanalicheka vazi, walikuwa wanaucheka mshipi.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Katika soko la mifugo, ambako ng'ombe, mbuzi na ngamia huuzwa kwa wingi, madalali walinisalimu kwa Kisomali, wakacheka nilipokwama, kisha wakanikaribisha chai ya maziwa yenye hiliki. Mmoja alinitania kuwa leo "nywele ngumu" amepata adabu. Hilo ndilo jina wanalotupa sisi watu wa bara, nasi tunalo letu tunalowapa. Siku mbili nilizunguka na shuka langu, upepo ukinipepea miguuni, wala hakuna aliyeniuliza nimevaa nini ndani.

Waskoti wanalijua swali hilo. Vazi lao la kiume, kilti, halifiki hata kwenye vifundo, na kila avaaye mbele ya wageni huulizwa chini kuna nini. Leo watu hupanga foleni kupiga picha naye, lakini haikuwa hivyo sikuzote. Waskoti wa milimani waliposhindwa vitani Culloden mwaka wa 1746, serikali mjini London ilipiga marufuku mavazi yao, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1782. Mwenye nguvu alijua kwamba mtu hutambuliwa kwa kitambaa kabla hajafungua kinywa. Wala tusiwacheke. Novemba 2023, Spika wa Bunge letu la Taifa aliwakataza wabunge kuingia na suti ya Kaunda pamoja na mavazi ya kiasili.

Safari ya kurudi

Siku ya kuondoka nilimwambia Mwalimu kwamba nitasafiri na shuka langu hadi Nairobi. Hakucheka.

"Ndugu yangu, vaa suruali. Mimi mwenyewe nikienda huko hubadilisha kabla ya kupanda basi."

Nilimwona mwoga. Mwacha mila ni mtumwa, nikamwambia kwa mbwembwe. Akanyamaza, akanifungia maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, akaniaga.

Penye kizuizi kimoja njiani tulishushwa sote. Askari alichukua kitambulisho changu, akanitazama usoni, akatazama shuka, akarudi usoni. Akaniuliza nilikozaliwa. Akaniuliza jina la chifu wa huko. Akaniuliza shule ya msingi niliyosoma. Jina langu ni la bara tupu, lakini siku hiyo halikunitetea. Jasho lililonitoka halikuwa la joto. Mwishowe alinirudishia kadi akiuliza, "Na mbona unavaa hivi?"

Kando yangu alisimama kijana wa chuo kikuu, mzaliwa wa Garissa, aliyevaa suruali na shati kama wewe na mimi. Kabla hajaulizwa alikwisha kutoa kitambulisho, kadi ya chuo na barua ya kujiunga na chuo, vyote katika mfuko mmoja wa plastiki. Tuliporudi kitini nilimlalamikia kwa sauti. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kaka, wewe umeulizwa kwa sababu ya nguo," akasema. "Nguo utaivua."

Msomaji, sina haja ya kukuficha kwamba nilikosa la kumjibu.

Si kwamba ukaguzi hauna sababu. Aprili 2, 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya nchi. Hakuna mzazi atakayetaka barabara ile iachwe bila mlinzi. Lakini macho haya ni ya zamani kuliko msiba huo. Sheria za hali ya hatari zilitawala kaskazini tangu mwishoni mwa 1963 hadi zilipoondolewa mwaka wa 1991. Mwaka wa 1989 Wasomali wa Kenya waliamriwa wapigwe msasa na kupewa kadi ya ziada kuthibitisha uraia wao. Na ule mchujo wa pekee wa vijana wa huko wanaotafuta vitambulisho, Rais Ruto alitangaza kuufuta Februari 2025 tu, alipozuru Wajir.

Eastleigh tuliposhuka hakuna aliyenitupia jicho. Lakini nilipokaribia katikati ya jiji, utingo alinipigia kelele: "Waria! Panda, waria!" Ndani ya matatu mama mmoja alihamisha mkoba wake kutoka goti la upande wangu hadi goti la pili. Vijana wawili wakaniuliza chini kuna nini.

Nilipofika langoni pa mtaa wangu, mlinzi anisalimuye kila asubuhi kwa miaka minne alisimama njiani akiwa na rungu lake.

"Unamtafuta nani?"

Nilipotaja jina langu alishtuka, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Nami nilicheka naye. Lakini nilipofika ndani niliketi kitandani kitambo kabla ya kubadilisha nguo.

Shuka hilo ninalo hata sasa. Jumapili ya joto, huku unaposoma gazeti lako, huenda nimelivaa sebuleni nikinywa chai. Ukipenda, nenda Garissa ujinunulie lako, na usisahau kuacha mshipi nyumbani. Ila ukirudi nalo Nairobi na macho ya watu yakakuchoma mgongoni, mkumbuke yule kijana na mfuko wake wa plastiki. Mimi nilivumilia siku moja, nikafika nyumbani, nikavua.