Koa wa Rangi katika Miamba ya Watamu

Wasomaji wetu wa bara humjua koa kuwa ni adui wa bustani, kiumbe mteleziteleze wa rangi ya udongo, alaye kabichi usiku na kujificha mchana. Lakini wako koa wengine, jamaa zake wa mbali, wakaao baharini, nao wamevikwa rangi ambazo hata duka la vitenge haliwezi kuzipita.

Mahali pazuri pa kuwatafuta ni Watamu, kusini ya Malindi. Miamba ya pande hizo ililindwa kwa sheria mwaka 1968, na tangu hapo ni marufuku kuokota kitu chochote katika hifadhi yake. Siku za bamvu, maji yapwapo mbali, msafiri huuona mwamba ukiwa wazi, na vidimbwi vilivyobaki huwa safi kama kioo. Nje zaidi, penye matumbawe na kina, ndiko wapiga mbizi wanakoonana na koa wengi wa rangi.

Mmojawapo huitwa na wataalamu Chromodoris africana. Urefu wake ni kama wa kidole. Mgongo wake ni mweusi wenye milia ya urefu, myeupe au ya samawati, na pindo lake ni la manjano iliyokolea. Pembe zake mbili, ambazo kwazo hunusa, ni za rangi ya machungwa. Na vivyo hivyo matamvua yake, yaliyosimama nyuma mgongoni kama ua. Aliyempa jina hilo mwaka 1904 ni Sir Charles Eliot, mtawala wa Kiingereza wa nchi yetu mpaka alipojiuzulu mwaka huo huo. Wakulima humkumbuka kwa jambo jingine, maana ndiye aliyehimiza walowezi wapewe ardhi ya nyanda za juu. Wachache hujua ya kuwa alikuwa pia bingwa wa koa wa bahari.

Sasa, shida iko katika kumtambua. Koa wawili wa namna moja huweza kutofautiana: huyu mlia wake ni mpana, yule ni mwembamba au umekatika. Tena Bahari ya Shamu ina koa wake, Chromodoris quadricolor, aliyepewa jina mwaka 1830, naye hufanana sana na huyu wetu. Mfugaji ataelewa upesi. Ndama wa ng'ombe mmoja huzaliwa na mabaka mbalimbali, wala hakuna amwangaliaye mabaka ili ajue aina. Huangalia nundu, pembe na umbo.

Basi ukimwona, tazama kwanza kama ana ua la matamvua mgongoni. Kama hana, tena ni mwembamba kama karatasi, huyo ni mnyoo bapa aliyeiga mavazi ya koa. Kisha tazama pindo, pembe na matamvua pamoja. Usihukumu kwa mlia mmoja. Hata hivyo macho hayatoshi. Mwaka 2018 wataalamu waliochunguza chembe za urithi walieleza kwamba aina moja huweza kuvaa mavazi mbalimbali, na aina mbalimbali huweza kuvaa vazi moja.

Sababu ya kuigana huko ni sumu. Koa hawa hula sifongo zenye sumu na kuiweka mwilini, na rangi zao ni onyo kwa samaki: usinionje. Wenye onyo moja hufaidiana, kwani samaki akishafundishwa na mmoja huwaacha wote.

Je, yatufaa nini haya? Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Mwenye duka asiyejua bidhaa zake hawezi kujua kilichoibiwa. Na nchi isiyojua viumbe vyake haiwezi kujua kilichopotea. Kwa hiyo ukimwona koa huyu, mpige picha, andika mahali na tarehe, kisha umwache pale pale alipo.