Kifuniko Kabla ya Hita

Maisha yangu ya kazi yamepita kando ya maji ya watu wengine: kuosha machujio, kupima klorini, kufungua pampu zilizoungua, na kujibu swali lile lile kila ifikapo Juni. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huikalia hata mtu akasahau kwamba ikweta ni jirani. Bwawa la nyumbani ambalo Februari lilijaa watoto, Julai hubaki pambo la bustani. Hapo mwenye bwawa huuliza bei ya mashine ya kupasha maji moto. Nimekula kwa swali hilo, lakini naliona limeanzia mkiani. La kuulizwa kwanza ni joto lililomo bwawani tayari linakwenda wapi, maana jua hulitia bure mchana, nalo bwawa hulitapanya usiku kucha.

Hesabu yake haihitaji chuo. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani wa mita 1.5. Hizo ni lita 48,000 za maji, na kuzipandisha digrii 1 ya sentigredi tu kunataka joto la uniti 56 hivi za umeme. Sasa tazama upande wa pili. Bwawa hilo likipoteza milimita 5 kwa siku kwa mvuke, jambo la kawaida palipo na upepo na hewa kavu, limepoteza lita 160, na kila lita huondoka na theluthi mbili hivi za uniti. Jumla inapita uniti 100, sawa na kushuka karibu digrii 2. Wateja hupenda kulaumu kuta na sakafu, lakini udongo ni blanketi. Kwa bwawa la nje, takriban asilimia 70 ya joto linalopotea hupaa na mvuke. Kununua hita na kuliacha bwawa wazi ni kukinga maji kwa pakacha. Nailoni nene yenye viputo vya hewa, ile inayoelea juu ya maji, huziba tundu hilo kwa bei isiyokaribia bei ya mashine, na huokoa maji na dawa pia. Ua wa michongoma upande unakotoka upepo nao husaidia, mradi usilitie bwawa kivuli.

Huambiwa kwamba kifuniko hulizuia jua. Hulizuia kidogo, kweli, lakini nailoni angavu hupitisha sehemu kubwa ya mwanga, na kinachookolewa usiku hulipa kilichozuiwa mchana. Pingamizi lenye uzito ni la usumbufu. Mita za mraba 32 za nailoni iliyolowa hazivutwi na mtu mmoja kwa raha, na vifuniko vingi huishia nyuma ya banda la pampu, vikawa maskani ya panya. Kifuniko kisichotumika ni hasara tupu, ndiyo maana roli ya kukikunjia naihesabu ndani ya bei, si kama anasa ya kuongezwa baadaye. Lipo na jambo lisilo na mjadala: kifuniko kinachoelea si uzio. Mtoto akikikanyaga huzama nacho, nacho kikamficha. Uzio na lango la kufungwa havina mbadala, na mtu asiingie majini kabla kifuniko hakijaondolewa chote.

Joto likishazuiwa lisitoroke, ndipo inafaa kuliongeza, na la bei nafuu kuliko yote liko juu ya paa. Mabomba membamba meusi ya plastiki, yasiyo na kioo, hupitishiwa maji na pampu ile ile ya chujio. Eneo lake liwe kati ya nusu ya uso wa bwawa na uso mzima. Nairobi katikati ya mwaka jua huwa kaskazini, basi anayeiga michoro ya Ulaya na kuyaelekeza kusini huyanyima jua msimu ule ule anaolihitaji. Maji yasipitishwe huko usiku, kwani bomba lililopasha mchana hupoza gizani. Anayesema kwamba Julai jua lenyewe halipo ana haki. Mitambo hii hurefusha msimu wa kuogelea. Haiushindi mwezi wa mawingu.

Kwa anayelazimika kuogelea mwezi huo, labda kwa tiba ya viungo, nakubali pampu ya joto. Hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huvuta joto la hewa ya nje na kulitia majini, na kwa uniti 1 ya umeme hutoa hata 4 za joto. Kupandisha bwawa letu digrii 6 kunataka uniti 335 hivi. Koili ya umeme huzila zote. Pampu ya joto hula 84 au zaidi kidogo, ingawa bei ya kuinunua huuma. Gesi ingemaliza mitungi miwili na nusu ya kilo 13 kwa mara hiyo moja. Yafaa kwa sherehe ya Jumamosi, si kwa maisha. Na wanaodai digrii 32 wakumbuke kwamba waogeleaji wa mashindano hushindana katika digrii 25 hadi 28, na kila digrii ya ziada huongeza mvuke.

Kabla hujamwita fundi yeyote, jaza ndoo maji ya bwawa, isimamishe kwenye ngazi ya ndani, tia alama ya kimo cha maji ndani ya ndoo na ukutani mwa bwawa, kisha rudi baada ya siku mbili. Vimo vikiwa vimeshuka sawa, nunua kifuniko. Cha bwawa kikiwa kimeshuka zaidi, bwawa linavuja, tafuta ufa.