Mchi Uliokaa Kimya

Anayefika Moba kwa chombo alfajiri huisikia bandari kabla ya kuiona vema. Kwanza ni maji yanayopiga ubavu wa mitumbwi. Kisha makasia ya wavuvi warudio na ndagala. Halafu sauti za akina mama wanaobishana bei mchangani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1.470 hivi, lakini asubuhi ya utulivu lanong'ona kama kijito.

Kutoka bandarini tulipanda njia ya Kirungu, mahali Mapadri Weupe walipoanzisha misioni mwaka 1893. Zamani paliitwa Baudouinville. Ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza katika nchi yetu kwa nyakati hizi. Kengele ya adhuhuri ilitukuta njiani. Mkulima mmoja akaweka jembe chini. Nasi tukasimama, tukasali Malaika wa Bwana pamoja naye.

Jioni tulikaribishwa kwa mzee mmoja ambaye macho yake yamekwisha kufifia. Sisi walimu twapenda mazoezi: tukawaagiza wanafunzi wawili tuliofuatana nao wanyamaze robo saa, waandike kila sauti waisikiayo. Wakaandika kumi na saba: mbuzi, baiskeli yenye mnyororo uliolegea, redio, mtoto aliaye, michi ikitwanga sombe, na nyingine. Tulifurahi, tukamsomea mzee orodha yote.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

— Mwalimu, michi ilikuwa mingapi?

— Baba mzee, hatukuihesabu.

— Ilikuwa mitatu. Kila jioni huwa minne. Mchi wa yule mjane wa ng'ambo ya kijito haujasikika tangu jana. Wanangu, nendeni mkamwangalie.

Tukaenda. Tulimkuta mama yule amelala mkekani, mwili ukimwaka kwa homa, mtungi umekauka, na mjukuu wake mdogo ameketi kando asijue la kufanya. Watu walikuwa wamepita mbele ya mlango wake, wakidhani yuko shambani. Usiku ule ule vijana walimchukua kwa kipoyi mpaka hospitali. Tulipoondoka Kirungu siku ya nne, alikuwa ameanza kula.

Hapo tuliona haya. Sisi tulihesabu sauti zilizokuwepo. Mzee alisikia ile iliyokosekana. Si kwa sababu masikio yake ni makali kuliko yetu, bali kwa sababu aujua mchi wa kila nyumba, kama mchungaji awajuavyo kondoo wake.

Wengi wetu twakaa mijini, Kalemie ama Lubumbashi. Redio na simu zasema mchana kutwa. Ukuta mmoja tu watutenga na jirani, wala hatujui kama huimba ama hukohoa. Nabii Eliya alingoja hata upepo, tetemeko na moto vikapita, ndipo alipoisikia sauti ya Mungu. Nasi tusidhani kwamba tutaisikia katikati ya makelele, wala kwamba yaweza kutufikia bila kupitia kwa jirani.

Basi, jioni hii, baada ya sala ya jamaa, zimeni redio kidogo. Ulizaneni: ni sauti gani tuliyoizoea hapa mtaani, na leo haisikiki? Kisha mmoja wenu achukue taa, aende kuona.