Shamba la Mke Wangu, Tolitoli

Jamaa zangu wa Pemba wakisikia kwamba nalima karafuu Indonesia, huuliza nina eka ngapi. Sina hata moja. Shamba ni la mke wangu, kwa hati na kwa kupewa na baba yake. Langu mimi ni jasho ninalolitoa humo, nyumba iliyosimama juu yake, na nafasi niliyopewa na majirani. Nimeamua kuyaandika haya kwa sababu kila msimu wa mavuno hupokea ujumbe kutoka kwa mtu wa Unguja, Dar es Salaam au Muscat anayetaka kujua kama kununua ardhi vijijini huku kunalipa.

Tunaishi wilaya ya Tolitoli, jimbo la Sulawesi ya Kati. Ukitoka Palu, makao makuu ya jimbo, gari huondoka jioni na kukufikisha asubuhi, bahari ikiwa upande mmoja na milima upande wa pili. Milima hiyo imejaa mikarafuu, na wengi wa wanaoilima kijijini petu ni Wabugis, Waislamu ambao wazee wao walihama kutoka kusini mwa kisiwa. Mpemba hapa hana mengi ya kufundishwa. Kuchuma ni kule kule, kuchambua makonyo ni kule kule, na mvua ikitishia kila mtu hukimbilia kuanua. Tofauti ni kwamba wachumaji hulipwa kwa lita badala ya pishi.

Kuna kinaya katika kuwapo kwangu huku. Wazee wetu wanakumbuka kwamba Indonesia ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kwa ajili ya kreteki, sigara zao zinazotiwa karafuu. Serikali yao ikahimiza watu wapande, na kufikia miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza, soko letu likaanguka. Mikarafuu iliyopandwa wakati ule ndiyo ninayoikwea leo. Wala wao hawakustarehe nayo muda mrefu. Mwishoni mwa 1990 iliundwa bodi iliyoitwa BPPC, chini ya Tommy Suharto, mtoto wa rais, ikapewa ukiritimba wa biashara ya karafuu. Bei ya mkulima ikaporomoka hadi wengine wakaacha karafuu zidondoke zenyewe na wengine wakatia shoka mitini. Bodi ilivunjwa 1998, mwaka Suharto alioondoka madarakani. Baba mkwe wangu akiizungumzia miaka hiyo, utadhani unamsikiliza mzee wa Wete, kwetu Pemba, anayelalamikia bei aliyopangiwa mezani na watu wasiojua kukwea.

Sasa tuje kwenye ardhi. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, inasema wazi kwamba umiliki kamili, wanaouita hak milik, ni wa raia peke yao. Mgeni akiupata kwa urithi au kwa mali kuchanganyika katika ndoa, ana mwaka mmoja wa kuuachia. Asipofanya hivyo haki inakufa na ardhi inaingia mikononi mwa dola. Wapo wageni wanaojaribu mlango wa nyuma, wakaandikisha kiwanja kwa jina la dereva au rafiki huku wakitoa fedha wao. Sheria hiyo hiyo inaubatilisha mkataba huo, na inaongeza kwamba fedha aliyokwisha kupokea muuzaji haidaiwi tena. Anayekushauri njia hiyo hakutakii mema. Ipo haki ya kutumia ardhi kwa muda, ambayo mgeni mwenye ukaazi anaweza kuipata, lakini hiyo hutafutwa na wanaojenga nyumba mjini. Kijijini petu sijamwona mtu aliyeihangaikia.

Ndoa nayo ina mtego wake. Mke raia aliyeolewa na mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali, chochote anachonunua baada ya nikaha huhesabiwa kuwa nusu ni cha mume, na ardhi yenye nusu ya mgeni haiandikishiki kwa umiliki kamili. Zamani mkataba huo ulipaswa kufungwa kabla ya ndoa au siku ya ndoa. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliruhusu ufungwe hata baadaye, na wanawake wengi walioolewa na wageni wakapata pumzi. Wetu tuliufunga kwa mthibitishaji mjini. Shamba alilopewa mke wangu na baba yake lilikuwa lake tangu mwanzo. Mkataba ulihusu eneo la bondeni alilotaka kulinunua yeye.

Linalonipa mimi mahali pa kusimama ni jambo ambalo Mzanzibari atalielewa haraka. Kwetu ardhi ni ya serikali, lakini mti na nyumba vina mwenyewe. Mila za Indonesia nazo zimetenganisha tangu zamani ardhi na kilicho juu yake, na sheria ya 1960 imejengwa juu ya mila hizo. Mtu anaweza kuwa na mti kwenye ardhi isiyo yake, au nyumba kwenye kiwanja cha mwenzake, mradi makubaliano yapo na majirani wanayajua. Ndiyo maana shamba hapa likitajwa, husikii hekta. Utaambiwa fulani ana miti mia mbili, na bei hupangwa kwa hiyo miti: umri wake, uzaaji wake, na umbali wake kutoka barabarani.

Kuhusu hati, vijiji vingi viliishi kwa barua ya mkuu wa kijiji tu. Mwaka 2017 serikali ilianza mpango mkubwa wa kuandikisha ardhi kijiji kwa kijiji, unaojulikana kwa kifupi PTSL. Zamu yetu ilipofika, wapima walikuja na vyombo vyao, lakini mpaka hawakuuonyesha wao. Ulionyeshwa na jirani yetu mzee, aliyekuwa akifyeka magugu kwa panga hadi akafikia kisiki na, pembeni yake, shina la mmea wa majani mekundu ambao wazee hupanda kwenye mipaka. Akaliweka panga chini, akamwita mke wangu kwa jina la utotoni, akamwambia asimame pale. Vigingi vikapigwa, majirani wa pande zote wakatia saini. Mmoja wao angekataa, wapima wangeondoka. Hati inatoka serikalini, ila inaanzia kwenye midomo ya majirani, na mnunuzi asiyejulikana na mtu hana wa kumsemea.

Sehemu ya juu ya shamba haikupata hati kabisa. Kwenye ramani ya serikali iko ndani ya eneo la msitu, ingawa mikarafuu yake imenizidi umri. Tunaichuma kila msimu, lakini hatuwezi kuiuza kwa halali wala kuiweka benki. Kwa hiyo anayeonyeshwa shamba la bei rahisi mlimani aanze kuuliza habari za ramani hiyo.

Wenyeji wenyewe hupenda kuweka rehani kuliko kuuza. Mtu akihitaji fedha ya harusi au ya kumpeleka mtoto chuo, humkabidhi mwenzake shamba alichume mpaka deni lirudi. Sheria nyingine ya 1960, inayohusu mashamba, inasema rehani ikifikisha miaka saba, shamba hurudi kwa mwenyewe bila malipo, kwa kuwa aliyelishika amekwisha kufidia. Kijijini wanaoifuata ni wachache. Jirani akidai kwa sheria hiyo atapata shamba, na huenda akakosa wa kumbebea jeneza.

Kipato nacho kina hesabu yake. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka mitano hadi saba, na hauzai sawasawa: mwaka wa neema hufuatwa na mwaka au miaka ya ukata. Kwenye ukata ndipo tajiri wa karafuu anapotoa mchele na mbolea kwa mkopo. Mavuno yakija, huzamisha mkono kwenye gunia hadi kiwikoni, huzitoa za chini kabisa na kuivunja moja. Ikilia, ni kavu. Ikipinda, hukata kilo kadhaa kwa ajili ya unyevu, na anayedaiwa hana sauti mbele ya mizani.

Wachumaji pia wanapungua. Vijana wa jimbo hili wanakimbilia Morowali, kwenye viwanda vya kuyeyusha nikeli, wanakolipwa kila mwezi. Barabara ya zege kwenda mashambani tumeipata kutokana na Dana Desa, fedha ambazo serikali kuu imekuwa ikivipelekea vijiji tangu 2015, lakini mara nyingi wanaoipita ni wazee. Uhaba huo wa wachumaji unashusha bei ya mashamba ya mbali zaidi kuliko bei ya karafuu yenyewe. Tena hii ni nchi ya matetemeko. Katika tetemeko la 2018, kule Palu, udongo wa mitaa ya Petobo na Balaroa uligeuka uji ukaondoka na nyumba, na watu wakabaki na hati za viwanja visivyoweza kukalika tena.

Kwa anayeniuliza, jibu langu ni hili. Ukitaka kununua leo uuze kesho kwa faida, usije. Mnunuzi wa pili hapatikani, na serikali haitaki mashamba yamilikiwe na watu wanaoishi mbali nayo. Ukioa au ukiolewa huku na ukakubali kuishi, patakulisha. Kwa sheria ya uhamiaji ya 2011, mwenzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi ili kuitunza familia yake, na majirani hawatakuuliza kibali ukishika ngazi.

Linalonishughulisha mimi kwa sasa ni mwanangu. Sheria ya uraia ya 2006 inampa uraia wa nchi mbili hadi miaka 18, kisha anapewa miaka mitatu ya kuchagua. Akichagua wa kwangu, shamba la mama yake hataweza kulishikilia. Nimemweleza yote hayo waziwazi, na nimemwambia uamuzi ni wake.