"SIWEZI" YA MTOTO SI KIBRI



Ndugu zangu, mimi natoka Ulaya. Si Ulaya ya barafu, ni Ulaya yetu ya wilaya ya Kilosa. Ukishika barabara ya Kilosa kwenda Mikumi unapita kwetu. Leo sina mada ya kupandisha jazba. Nina kosa langu mwenyewe, nalieleza ili wewe usilirudie.

Dada yangu ana binti wa miaka sita. Alipokuwa mchanga, kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefumba muda wote, kila kitu akidaka kwa kushoto. Tukacheka, tukasema huyu ana shoto. Laiti tungejua! Mtoto ambaye hajafikisha mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu, mpeleke kituo cha afya aangaliwe, maana umri huo watoto hutumia mikono yote miwili. Yeye mpaka alipochelewa kutembea ndipo tukaambiwa ana mtindio wa ubongo, na umegusa upande wa kulia.

Akaletwa madrasa kwangu. Watoto wadogo huwa nawachorea alifu kubwa kwenye karatasi, wanaipaka rangi kwa krayoni, ili mkono uzoee kabla ya kalamu. Binti akachukua krayoni kwa kushoto. Nikaihamishia kulia. Ikaanguka. Nikaihamisha tena, nikavikunja vidole vyake na kuvikamata kwa nguvu. Akasema, "Mjomba, haushiki."

Nami, Allah anisamehe, nikasimulia mbele ya wenzake habari ya yule mtu aliyekula kwa mkono wa kushoto mbele ya Mtume (s.a.w.), akaambiwa ale kwa kulia, akajibu hawezi, basi akaombewa asiweze kweli.

Binti hakulia. Aliikalia mikono yake yote miwili. Usiku ule dada yangu akaja. "Kaka, mtoto hataki kula mbele za watu. Anasema Mtume ndiye aliyeuombea mkono wake usifanye kazi."

Wallahi nilikosa pa kuweka uso.

Nikairudia ile hadithi. Imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (r.a.). Na sababu imeelezwa humo humo: hakuna kilichomzuia mtu yule ila kibri. Mkono alikuwa nao, mzima. Mimi nilisimulia adhabu, nikaiacha sababu. Ndugu zangu, kuna "siwezi" ya kibri na kuna "siwezi" ya mwili. Sura an-Nur imemtaja kipofu, kiguru na mgonjwa, ikawaondolea lawama. Nani kanipa mimi ruhusa ya kuirudisha?

Nikamtafuta mwalimu wa elimu maalumu, aliyesomea Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Alimtazama binti akicheza, kisha akaniambia, "Shehe, mkono wake wa kuandikia ni huu wa kushoto. Ila mmeunyima mazoezi, ndiyo maana krayoni anaishika kama mchi wa kinu." Haya ndiyo aliyotufundisha:

1. MKALISHE VIZURI KWANZA. Miguu ikanyage chini, meza iwe usawa wa kiwiko. Mtoto anayeyumba anamaliza nguvu zote asianguke, vidole havibakiwi na kitu. Sisi tulimwekea tofali chini ya miguu.

2. VUNJA KRAYONI. Krayoni ndefu inaruhusu ngumi. Kipande kifupi, kama pingili ya kidole gumba, hakina nafasi ya ngumi. Mtoto atakishika kwa ncha ya gumba na shahada, kidole cha kati kikiegemeza kwa chini. Kama bado anatia vitu mdomoni, usimwache peke yake na vipande hivyo.

3. BANDIKA KARATASI MLANGONI, usawa wa macho yake. Akipaka rangi akiwa amesimama, kifundo cha mkono kinainuka chenyewe na bega linapata nguvu.

4. VIDOLE VIPEWE KAZI NYINGINE. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kubana vibanio vya nguo kwenye kamba, kufinyanga donge la unga. Dada yangu alikuwa akimfukuza jikoni, kumbe shule ilikuwa humo.

5. USIMKUNJE VIDOLE. Mkono wenye mtindio ukiulazimisha unakaza zaidi. Mwonyeshe, kisha ngoja. Ukitaka kumsaidia, muegemeze kiwiko, vidole mwachie mwenyewe.

6. MKONO DHAIFU USIACHWE. Ule wa kulia tuliupa kazi ya kuzuia karatasi isitembee. Mwanzo aliizuia kwa ngumi, siku hizi kiganja kinafunguka kidogo.

Na iwe dakika kumi kila siku, si saa nzima Jumamosi kisha basi.

Msitarajie miujiza pia. Kila mtoto huanza kwa ngumi, na wengi hufika kwenye vidole vitatu kati ya miaka minne na sita. Mwenye mtindio huchukua muda zaidi, na wapo wasiofika kabisa, wakaandika vizuri kwa mshiko wao wenyewe. Binti yetu, baada ya miezi minne, anashika kwa vidole vitatu mpaka achoke, kisha anarudi kwenye ngumi. Alifu yake inatoka nje ya mstari. Alhamdulillah, ni alifu.

Lakini kulikuwa na deni la kulipa. Nilikosa mbele za watu, nikaona toba yangu nayo iwe mbele za watu. Nikawakusanya watoto wale wale, nikamwomba msamaha kwa jina lake, nikaisimulia ile hadithi upya, safari hii mpaka mwisho.

Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi hakuniombea?"

Nikamwambia, "Hapana mwanangu. Si wewe."

Akatoa mkono wa kushoto chini ya mtandio, akaomba krayoni ya kijani.

Walimu wenzangu wa madrasa, nawasihi kwa ajili ya Allah. Kabla hujachukua fimbo kwa mtoto anayeandika kwa kushoto, mwambie akuonyeshe mkono wa kulia. Muulize mama yake alizaliwaje, alitembea lini. Kula kwa kulia ni sunna, tuifundishe kwa anayeweza. Asiyeweza ana udhuru mbele ya Mola wake, nasi tusijifanye wakali kuliko dini.

Na wewe mzazi uliyemficha mtoto ndani kwa aibu, mtoe. Mlete madrasa, mpeleke shule. Vunja krayoni, kaa naye chini.

Ya Allah, wape shifaa watoto wetu, uwape wazazi wao subira, na utusamehe sisi walimu tuliowavunja moyo. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.